Mpwa Wangu Mwenye Sauti Nzuri

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimejikubali. Saa nne na robo asubuhi, kati ya mgonjwa wa tatu na wa nne. Nilisoma makala kwenye gazeti la chumba cha kusubiria. Inasema mtu akishajikubali, maoni ya wengine hayamgusi tena. Nikajikubali pale pale, nimesimama. Kisha nikazunguka kliniki nzima kuwaeleza wenzangu, nione kama wameridhika.

Dada wa Mapokezi alisema hongera bila kuinua macho kwenye simu.

Ninachokikubali ni hiki. Umri miaka arobaini na saba. Kitambi cha wastani. Sauti ya binti wa miaka kumi na tisa. Wenzangu walipobalehe sauti zao ziliteremka, yangu ikabaki juu pale pale, na mpaka leo haijapata habari. Kwenye simu watu huniita mama. Nikipiga chafya dukani, watu hugeuka kumtafuta mtoto. Nimepima usikivu wa watu katika kliniki hii ya masikio na koo kwa miaka kumi na mmoja, na wote wananiita Filimbi. Wote isipokuwa Metroni, mkuu wa wauguzi wetu. Halafu napenda muziki wa pop. Si ule wa kukaa kitini na kutikisa kichwa. Ule wa vijana, wa kurukaruka, wenye kibwagizo kinachorudi mara kumi na sita. Nayo nimeikubali.

Saa saba, mkutano. Mkurugenzi alitangaza kwamba Metroni anastaafu. Sherehe ni Jumamosi alasiri, ukumbi wa chini. Wafanyakazi watatoa wimbo mmoja. Mmoja tu, maana sherehe iliyopita zilitolewa sita na chakula kikapoa.

Roho ikaniruka. Nina wimbo! Nimeutunga tangu nilipopata fununu za kustaafu kwake. Unaitwa "Viatu Vinakuja". Unahusu viatu vya mpira vya Metroni vinavyolia kwichi kwichi kwenye korido, na jinsi kliniki nzima inavyonyooka. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mgonjwa mmoja alinisikia nikimpa maelekezo kwenye hedifoni, akataka aletewe mwanamume mzima. Metroni akamwambia huyo ndiye mwanamume mzima tuliye naye, na kwa kupima hana mwenzake. Sijasahau. Nataka aondoke akiwa amesikia sauti ile ile ikimwambia ahsante. Hilo tu. Sina ombi jingine duniani wiki hii.

Kabla sijainua mkono, Mkurugenzi akasema bila shaka Daktari wa Koo ataimba kama kawaida. Daktari wa Koo! Sauti nzito, kama kabati linaloburutwa sakafuni. Huimba wimbo ule ule kila anapoondoka mtu. Polepole. Macho kafumba. Na watu hulia, sijui kwa nini.

Nikasema na mimi ninao wimbo. Kikatoka kicheko, nadhani cha yule mtu wa famasi. Mkurugenzi akasema Filimbi, hii ni shughuli rasmi. Nikasema naweza kuthibitisha kwamba sauti yangu inapendwa. Akauliza kwa ushahidi gani. Nikasema utaletwa.

Binafsi sijali wanavyofikiri. Ila ushahidi lazima upatikane.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Wa kisayansi.

Shida ya wanaonisikia ni kwamba pia wananiona. Wanatazama kitambi, wanasikia binti, akili zinagombana, wanacheka. Kwa hiyo nahitaji wasikilizaji wasioniona, wasionijua, na wasio na pa kukimbilia. Wagonjwa wangu! Wanakaa ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, uso ukutani, hedifoni masikioni, kitufe mkononi. Kazi yao ni kubonyeza kila wanaposikia mlio. Leo badala ya milio nitawapa "Viatu Vinakuja". Maelekezo nimeyaboresha kidogo: ukisikia kitu kizuri, bonyeza.

Asubuhi kabla ya kazi nilijirekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, katikati ya magauni ya mke wangu, maana humo hakuna mwangwi. Alifungua kutafuta sketi. Akanikuta. Akachukua sketi, akafunga. Ndiyo ndoa ya miaka ishirini.

Matokeo: wagonjwa tisa, wote walibonyeza! Seremala alibonyeza mara thelathini na moja. Bibi mmoja hakukiachia kitufe kabisa. Dereva wa lori alibonyeza huku akitikisa bega. Bega la kushoto, nimeliandika kwenye fomu. Nikachora grafu kwa kalamu nyekundu, nikampelekea Mkurugenzi saa tisa, kifua mbele.

Balaa. Seremala hajausikia msumeno wake mwenyewe kwa miaka mitatu. Kwa mujibu wa karatasi yangu, leo hakuna anayesikia vizuri kumzidi. Kumbe nilikuwa nimemfungulia sauti mpaka mwisho. Bibi wa kitufe alikuwa amelala, kidole kimemlalia hapo hapo. Dereva wa lori ana bega bovu. Na mimi, katika msisimko, nilisahau kuwapima! Kipimo halisi sikufanya hata kimoja. Wote tisa warudi Alhamisi, na simu za kuomba radhi nipige mwenyewe. Nimepiga. Watatu wameniita mama.

Mkurugenzi amenipiga marufuku kutaja jina langu na neno wimbo katika sentensi moja. Daktari wa Koo alinishika bega kwa huruma. Huruma! Afadhali angenitukana.

Nimeumia. Lakini kukata tamaa, hapana.

Jumatano, 5 Juni

Nimelala nikiifikiria ile marufuku, nimeamka nimeipatia ufa. Inahusu jina langu. Haihusu jina la mtu mwingine!

Mpango wa pili. Nilimwendea Dada wa Mapokezi, maana spika ya chumba cha kusubiria iko mikononi mwake. Nikamweleza kwamba nina mpwa, binti wa dada yangu, miaka kumi na tisa, kipaji kitupu. Amezisikia sifa za Metroni kutoka kwangu, akaguswa, akatunga wimbo wa kumuaga. Huu hapa kwenye simu. Dada wa Mapokezi akanitazama kwa muda mrefu. Akauliza huyo mpwa anaitwa nani. Sikuwa nimefika huko. Nikatupa jicho mezani kwake, nikaona chanuo la nywele. Nikasema anajulikana kisanii kama Malkia Chanuo. Akaliandika bila kucheka hata kidogo. Mtu wa kazi, yule.

Ukachezwa saa sita, chumba kimejaa. Jamani! Vidole vilianza kupiga magotini. Mtu wa famasi alitoka kwenye dirisha lake akatikisa kiuno, yeye na kicheko chake cha Jumatatu. Mkurugenzi akafungua mlango. Nilidhani anakuja kuzima. Akauliza nani huyo anayeimba. Dada wa Mapokezi, uso kaukaza, akasema ni mpwa wa Filimbi, Malkia Chanuo. Mkurugenzi akashikwa na kikohozi kirefu. Kilipoisha akasema sauti hiyo ina kitu, mtu hawezi kuisikia akaisahau. Daktari wa Koo akasema hilo ni koromeo la ajabu, angependa kuliona. Metroni alikuwa anapita kwichi kwichi, akasimama katikati ya korido, akavua miwani, akaifuta. Halafu Dada wa Mapokezi ikabidi azime kabla ya ubeti wa tatu, kuita namba ya mgonjwa.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia. Nasema kweli, humu sina wa kumdanganya. Ni mara ya kwanza maishani watu wananisikia na hawacheki. Kisha nikanawa uso.

Nilipotoka, Mkurugenzi alikuwa ananingoja. Daktari wa Koo amekubali kumwachia nafasi. Mpwa wangu aje aimbe Jumamosi, ana kwa ana. Nikasema ana haya sana. Akasema watampa moyo. Nikasema anaishi mbali. Akasema mbali si mbinguni, na leo ni Jumatano.

Nyumbani mke wangu alisema dawa ni rahisi: kesho niwaambie ni mimi. Nikamwambia haelewi mambo ya sanaa. Wakijua ni mimi, wataanza tena kusikia kitambi. Utamu wote utaisha, na Metroni ataondoka na wimbo uliogeuka kichekesho. Siwezi. Sauti yangu imependwa siku moja tu, sitaki kuiharibia.

Alhamisi, 6 Juni

Kizuizi: dada yangu ana watoto wanne, wote wa kiume, wote wana ndevu.

Amebaki binti yangu. Miaka kumi na sita, mrefu, akivaa miwani ya jua anafika kumi na tisa. Mpango wa tatu: yeye atasimama jukwaani na kufumbua mdomo. Mimi nitaimba nyuma ya pazia kwa kipaza sauti cha pili. Kazi nyepesi, sifa kemkem.

Alikataa kabla sijamaliza. Alisema mimi ninawaharibia vijana muziki wao. Eti kuna wimbo alikuwa anaupenda kufa, siku moja akanisikia nauimba bafuni, ikabidi auache. Auache! Wimbo mtamu vile! Nikamwambia hayo ndiyo madhara ya kutojikubali. Akaniuliza, kama mimi nimejikubali, nyuma ya pazia nafuata nini. Watoto wa siku hizi hawasikilizi mtu akiwaeleza.

Tulijadiliana saa nzima. Masharti yake matatu. Nisiimbe barabarani tukiwa pamoja mpaka amalize shule. Nisicheze mbele ya marafiki zake. Nisimsalimie tena kwa ile ishara yangu ya vidole viwili. Nimekubali yote, nimeuma meno. Ishara ya vidole ndiyo imeniuma zaidi.

Kazini wale wagonjwa tisa walirudi, nikawapima kwa milio, kimya kimya, kama mtu mwenye adabu. Daktari wa Koo alipita mara tatu. Mpwa wangu anakunywa maji ya baridi? Anaamkaje, sauti inakwaruza? Analala kwa ubavu upi? Wivu mtupu. Nikamjibu kwamba Malkia Chanuo hazungumzii afya yake na umma.

Ijumaa, 7 Juni

Mchana nilikwenda kukagua ukumbi. Pazia la jukwaa ni zito, zuri, jekundu. Ila ni fupi! Linaishia katikati ya ugoko, viatu vyangu vitaonekana na kila mtu. Nimetafuta kreti tupu ya soda jikoni. Nikisimama juu yake, chini haionekani hata kamba ya kiatu. Kichwa kinabaki salama nikiinama kidogo. Kuna na tundu dogo la kuchungulia. Mungu anipe nini tena.

Jioni mazoezi sebuleni. Mimi nyuma ya pazia la dirisha, binti mbele. Anafumbua mdomo kwa kuchelewa, kama mtu anayetafuna ubani. Baada ya mara ya nane akaenda sawa. Mke wangu alikaa kwenye kochi kama hadhira. Alisema mtu akiimba hupumua, mabega hupanda, shingo hufanya kazi, na mtoto wetu amesimama kama sanamu la dukani. Nikamwambia hakuna binadamu anayekwenda sherehe kutazama shingo za watu.

Kisha nikajaribu jaketi. La rangi ya fedha, linametameta, nimelificha juu ya kabati tangu mwaka jana. Zipu inafika kitovuni, hapo inagoma. Mke wangu aliuliza la nini, si nitakuwa nyuma ya pazia? Nikamwambia najivalia mwenyewe. Akaja akanisaidia kuvuta zipu. Haikwenda.

Jumamosi, 8 Juni

 

Watu themanini. Metroni safu ya mbele, na pembeni yake kaka yake anayeuza matairi, mtu mnene mcheshi. Mimi juu ya kreti tangu saa nane. Saa tisa Mkurugenzi akamkaribisha Malkia Chanuo. Binti yangu akaingia, gauni la njano, miwani ya jua, anatembea kama anapelekwa polisi. Muziki ukaanza.

Nikaimba. Nilivyoimba! Ubeti wa kwanza safi. Kibwagizo, makofi yakafuata mapigo. Ubeti wa pili nikachungulia kwenye tundu nifaidi kidogo, nikamwona Daktari wa Koo ameinama mbele kwenye kiti. Kavaa miwani yake ya kazini. Anatazama shingo ya binti yangu.

Yule bwana ametazama makoromeo miaka ishirini na mitano, hana kazi nyingine, na mimi kwa akili zangu timamu nimemwekea mbele ya macho koromeo lisilotikisika!

Akainuka. Akaja mpaka ukingo wa jukwaa. Nikapandisha sauti kumtisha. Hakutishika. Akamwomba binti yangu, kwa upole wa kitabibu, ameze mate. Mtoto ana adabu zake, akameza. Na mimi wakati huo huo nilikuwa juu kileleni, kwenye ile noti ndefu ya kufunga ubeti. Ukumbi mzima ukashuhudia mtu anameza mate na kuimba kwa wakati mmoja.

Kicheko kilichotoka hapo sitakisimulia. Nilidhani binti yangu atakimbia. Hakukimbia. Alivua miwani ya jua, akasogea pembeni, akashika kamba, akavuta pazia. Damu yangu mwenyewe! Nikabaki wazi. Kreti, jaketi la fedha, zipu kitovuni, kipaza sauti mkononi. Muziki unaendelea, mimi nimenyamaza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kreti yangu.

Metroni akasimama. Kwichi kwichi mpaka mbele. Akauliza mbona nimenyamaza, yeye anausubiri ubeti wa tatu tangu Jumatano. Nikaanza kumweleza kwamba mpwa wangu kapatwa na mafua ya ghafla, ndiyo maana. Akanikatiza. Akasema hana haja na mpwa. Miaka kumi na mmoja ofisi yake iko ukuta kwa ukuta na kibanda changu, kila siku anaisikia sauti hii ikiwaambia wagonjwa watulie, haitauma. Atashindwaje kuijua? Kisha akawageukia watu wa kliniki, akasema ambaye Jumatano hakujua ni nani anaimba anyooshe mkono.

Hakunyoosha mtu. Dada wa Mapokezi alisema walijua tangu mstari wa kwanza. Mtu wa famasi alijua. Mkurugenzi alijua, kile kikohozi kilikuwa kicheko. Wakakubaliana wanyamaze tu waone nitamleta nani. Daktari wa Koo aliomba radhi. Alisema na yeye aliahidi kunyamaza, lakini shingo ile ilimshinda, asingelala.

Kwa hiyo walipotikisa viuno walikuwa wanajua ni mimi. Naliandika tena ili liniingie. Walijua ni mimi, na walitikisa viuno.

Ubeti wa tatu niliuimba juu ya kreti, uso wazi. Sauti ilitetemeka mistari miwili, kisha ikasimama. Kwenye kibwagizo Daktari wa Koo aliingiza kabati lake la sauti bila kuombwa na mtu, na nakiri, lilikaa mahali pake. Binti yangu alicheza hatua zangu zote, bila kosa, kumbe anazijua. Aliposhuka akanikumbusha kwamba masharti matatu yapo pale pale. Metroni alilia na kucheza kwa pamoja. Wakati wa kuagana alinishika mikono yote miwili, akasema zawadi nyingine atazisahau, hii hapana. Nikamwamkia tu, kama mtoto wa shule.

Nimefurahi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Jaketi bado nimelivaa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Funzo limeniingia hadi kwenye mifupa. Sauti ni yangu, kitambi ni changu, anayependa apende, asiyependa ana mlango. Nyuma ya pazia sirudi tena maisha yangu yote. Nilimwapia mke wangu haya wakati wa chai. Alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu siku ya harusi.

Saa tano simu ikalia. Kaka yake Metroni, wa matairi. Mwanawe wa pili anaoa mwezi ujao, na yeye baba mtu jana alisisimka mpaka machozi. Anamtaka mwimbaji yule yule, jaketi lile lile. Wageni mia tatu.

Mia tatu! Nikakaa chini. Wale themanini wa jana wamenizoea, wananipenda kwa mazoea, ule si ushahidi kamili. Hawa mia tatu hawanijui. Wataona kitambi kwanza. Na makala ile ilisema maoni ya wengine hayamgusi mtu, haikufafanua wengine wangapi. Muuza matairi akauliza kama nipo kwenye laini.

Nikamwambia jana nilikuwa namshikia nafasi tu mwimbaji mwenyewe, hakuwahi usafiri. Ni mpwa wangu wa kiume. Miaka ishirini na miwili, mwembamba, ndevu za kupendeza. Akacheka sana, sijui kwa nini, akasema haya, mlete huyo huyo. Mtu muungwana.

Pazia nimeapa, na kiapo sivunji. Nitakuwa chini ya meza ya maharusi. Nimejaribu chini ya meza yetu ya chakula, nikikunja magoti naenea, na sauti inatoka vizuri. Mke wangu aliingia akanikuta huko, akachukua kikombe chake, akatoka.

Sasa hivi nakwenda kwa dada yangu, nikawakague wanawe wote wanne makoromeo. Safari hii nachagua lenye kutikisika.